Mwaka wa Kungoja Chuo Nilipandisha Mashine Uluguru

Nimerudi Mwembesongo juma lililopita, na kila niliyesoma naye zamani akiniona ananiuliza swali lile lile: Vene, ulipotelea wapi, na hayo mabega umeyatoa wapi? Nimechoka kusimulia nusunusu bombani na dukani. Naandika yote hapa, mpitishiane.

Mnakumbuka tulivyomaliza kidato cha sita. Waliotutangulia walikwenda JKT. Sisi tukaambiwa JKT imesimamishwa, rudini nyumbani mkangoje chuo. Wengine mlipata vibarua kwenye maduka mapya yaliyokuwa yakifunguliwa kila kona, wengine mkaingia kwenye mitumba. Mimi niliitwa milimani na mama mkubwa Paskalina, dada yake mama, anayeishi Kisambo. Mashine ya kusaga ya kijiji ilikuwa imekufa zamani, na ushirika ukafa nayo, kwa hiyo kina mama walikuwa wakitwanga au wakishuka Mlali na mahindi kichwani, kutwa nzima kwenda na kurudi. Sasa kikundi chao kilikuwa kimepata mashine yao wenyewe. Ilikuwa Dumila, inangoja mtu wa kuifuata.

"Mleteni Vene," alisema mama mkubwa. "Si alikuwa dada mkuu?"

Nilikuwa dada mkuu kweli. Niliweka filimbi yangu ya shule mfukoni, nikachora ratiba kwenye karatasi ya mistari: siku nne, kutoka Dumila hadi Kisambo. Habari za malipo na barua naziruka.

Dumila

Nilishuka saa nne asubuhi, nikiwa nimepanga kuondoka saa nane mchana. Fundi Rajabu alikuwa nyuma ya banda lake, mtu wa Kondoa, mrefu, mikono myeusi kwa oili hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo."

"Marahaba. Baba yuko wapi?"

"Baba yuko kazini, kiwandani Mzinga."

"Atafika saa ngapi?"

"Hafiki. Nimekuja mimi."

Akanyoosha shingo kutazama nyuma yangu, labda kuna mtu mzima amejificha. Kisha akamwita mkewe aniletee chai, akaendelea na kazi. Nilikunywa chai. Nikala wali na maharage. Saa nane ikapita. Nilipomwonyesha ratiba aliisoma yote kwa heshima, akanirudishia.

"Nzuri. Lakini huyu haondoki leo."

"Nani?"

"Huyu." Akaipapasa injini. "Huyu lazima umjue kwanza. Ukimpandisha huko akakugomea, utamwita nani?"

Fundi Rajabu haiiti injini yake "hii" wala "mashine". Ni "huyu", kama mtu. Huyu hapendi mafuta machafu. Huyu asubuhi ana uvivu. Nilikaa Dumila siku tatu. Asubuhi alinifundisha kuwasha kwa hendeli hadi nikapata malengelenge. Mchana nilikaa na mkewe kando ya barabara tukiuza mahindi ya kuchoma kwa abiria wa mabasi ya Dodoma. Fundi alikuwa amepata injini mpya, ndogo, iliyoingia na hawa wafanyabiashara wa siku hizi, na hii kubwa hakuwa na pa kuiweka. Siku ya tatu tulipoipakia kwenye lori la vitunguu, ikiwa imefunguliwa magurudumu yake mawili ya chuma na kinu chake pembeni, alizunguka lori mara mbili, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa spana na blanketi.

"Unakwenda wapi?" mkewe akamuuliza.

"Nitarudi," akasema, akapanda juu ya vitunguu.

Mwembesongo

Lori lilipasuka tairi mara mbili kabla ya Msamvu. Tulifika nyumbani tukinuka vitunguu kiasi kwamba mama alitupa maji ya kuoga kabla ya salamu. Majirani walikuja kuitazama mashine uani. Kila mmoja alijaribu kuinyanyua, kila mmoja akaiacha pale pale.

Baba ameshika vyuma maisha yake yote. Aliizunguka akiwa bado na nguo za kazi, akaigonga kwa kidole.

"Hii inahitaji mtu wa kuisimamia," akasema. "Nitaomba ruhusa kazini siku tano."

"Baba, nimetumwa mimi."

"Najua umetumwa. Nasema itawaumiza watu."

"Ukija wewe, hakuna atakayenisikiliza tena."

Mama alikuwa anapepeta mchele, akasimamisha ungo. Nilidhani baba amekasirika. Akaingia ndani, akarudi na kamba za katani na jozi moja ya glavu za kiwandani, akaniwekea miguuni. Ile ruhusa hakuiomba. Kwa baba yangu, wanaomjua mnajua, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Mlali hadi barabara ilipoishia

Malori yanayoshusha kabichi kutoka Mgeta hupanda yakiwa matupu. Tulipata moja. Kutoka Mlali barabara inaanza kujikunja, upepo unakuwa wa baridi, na Fundi Rajabu akajifunga blanketi lake hadi masikioni. Hakuwahi kupanda mlima maishani mwake. Kila kona alishika injini, sijui alikuwa anaizuia isianguke au anajizuia yeye.

Mvua ya juma lile ilikuwa imekula barabara. Tulifika mahali nusu ya njia imeporomoka korongoni, dereva akashuka, akatazama, akawasha sigara.

"Mwisho hapa."

"Lakini tumekubaliana hadi juu, kwenye mnada wa mboga! Watu wanatungoja huko!"

"Dada, nikiendelea watatungojea wapi? Mbinguni?"

Alitushusha pamoja na mashine, akageuza lori kwa ustadi wa ajabu, akaondoka. Wapokezi wetu kutoka Kisambo walikuwa wanatungoja mwendo wa saa mbili mbele. Nilimpa ujumbe mama mmoja aliyekuwa anapanda na tenga tupu. Aliufikisha, ila uligeuka kidogo njiani: watu wa Kisambo waliambiwa gari limeporomoka. Walikuja mbio, wanaume kumi na sita, wakatukuta mimi na Fundi tumekaa juu ya kinu tunakula mapichi. Walikuwa wamekuja kuokoa watu. Kuna waliocheka na kuna waliotaka kutupiga.

Kiongozi wao alikuwa Bwana Kolumba, mtu mfupi mwenye shingo nene, mwimbishaji wa kazi zote za pamoja kule Kisambo, kuanzia kujenga hadi kuzika. Tulilala kwa msamaria mmoja, tukala njegere na viazi vya moto. Nilimwonyesha Bwana Kolumba ratiba. Nayo ilikuwa imeshapitwa siku nne.

"Wewe ndiye mkubwa wetu," akasema. Sikujua kama ni heshima au mzaha.

Njia ya miguu

Waliifunga injini kwenye miti miwili mirefu kama machela, watu wanane kwa zamu. Wengine wakachukua magurudumu na kinu. Fundi alifunika injini kwa turubai, na juu yake shuka jeupe la mkewe, ili mchanga usiingie kwenye matundu yaliyo wazi.

Nikasimama mbele, nikapuliza filimbi. "Moja, mbili, tatu, nyanyua! Kushoto, kulia! Kushoto, kulia!"

Baada ya hatua thelathini machela ililala upande, mtu mmoja akaumia kidole cha mguu. Nikapuliza tena, kwa nguvu zaidi. Tukaenda hatua ishirini. Shuleni nikipuliza filimbi ile watu mia nne walinyamaza. Hapa kila mtu alikuwa anaangalia mguu wake wa kushoto badala ya kuangalia njia.

"Dada Vene," Bwana Kolumba akaniambia taratibu, mbali kidogo na wenzake. "Wale wa nyuma ni wafupi, na njia inapanda. Hatua zao si sawa na za mbele. Ukihesabu, unawavuta."

"Sasa tufanye nini?"

"Niulize mimi nifanye nini."

Nilitaka ardhi inimeze. "Bwana Kolumba, ufanye nini?"

Akapanga wafupi mbele na warefu nyuma. Akaanza kuimba kwa Kiluguru, polepole, sauti inashuka mguu unaposhuka, wenzake wanajibu. Machela ikatulia. Mimi nikarudisha filimbi mfukoni, nikachukua kazi ambayo hakuna aliyekuwa anaifanya: kutangulia, kutazama utelezi, kuondoa mawe, kurudi kusema zamu ibadilike pale uso wa mtu unapoanza kubadilika. Nilikuwa na kazi nyingi siku ile kuliko nilipokuwa napiga filimbi.

Mchana tulikaribia Lubwe, kitongoji kilichoko chini ya mgongo wa mlima. Bwana Kolumba alikuwa amewanyamazisha waimbaji ili waokoe pumzi, maana kilima cha Lubwe ni kama ukuta. Watu walitoka mashambani wakasimama kando ya njia. Wanaume wakavua kofia.

"Poleni," wakasema.

"Asanteni," nikajibu. Mtu mwenye mzigo mzito huambiwa pole, nilifikiria nini tena?

"Poleni sana. Mungu awatie nguvu."

"Asanteni."

Wanaume wa Lubwe wakaingia kwenye miti bila kuombwa, wakawapokea wetu. Wanawake wakajifunga khanga viunoni wakafuata nyuma, na mmoja, mwembamba, akatandaza khanga yake juu ya lile shuka jeupe. Nilidhani anatusaidia kuzuia mvua, maana ilikuwa imeanza kunyunyiza. Mzee mmoja akatembea sambamba na Fundi Rajabu, ambaye kama kawaida yake alikuwa ameweka mkono juu ya injini.

"Ulikuwa naye siku nyingi?"

"Miaka kumi na mmoja," Fundi akajibu, na sauti yake ilikuwa nzito kweli. "Hakuwahi kunisumbua hata siku moja."

"Pole, baba."

"Ndiyo hivyo. Watoto wangu wote huyu ndiye aliyewasomesha."

Nyuma yetu mwanamke akaanza kulia kwa sauti.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilimtazama Bwana Kolumba, nikaona kwamba yeye alikuwa ameelewa tangu kofia ya kwanza ilipovuliwa.

"Kilima bado," akaninong'oneza. "Acha tufike juu."

Nami nikaacha. Lazima niandike hili, kwa sababu wengine mmesikia nilisema ukweli mara moja. Sikusema. Nilitembea na uongo ule nusu ya kilima, nikawaangalia watu wasiotujua wakitoka jasho. Mabega yao yalikuwa mapya na wetu walikuwa wamechoka. Nilijiambia hatujadanganya mtu, hatujasema neno. Kisha yule mama mwembamba akanifikia, uso umelowa, akanishika mkono.

"Mwanangu, marehemu anaitwa nani? Tukifika juu tumwombee."

"Shusheni," nikasema.

"Dada Vene," Bwana Kolumba akasema.

"Shusheni! Tafadhali, shusheni."

Wakashusha. Nikawaambia hakuna marehemu. Nikafunua ncha ya shuka, chuma kikaonekana. Kijana mmoja akacheka, akajikuta anacheka peke yake. Yule mama akaitazama injini kwa muda mrefu. Akachukua khanga yake, akaikung'uta, akaikunja mara nne kama mtu anayerudisha nguo kabatini. Akashuka. Wote wakamfuata.

Mvua ikaja kwa nguvu zake zote.

Lubwe

"Hatua mia mbili!" Bwana Kolumba alikuwa amekasirika hadi mishipa ya shingo imesimama. "Zilibaki hatua mia mbili tufike juu. Ulikuwa na haraka gani?"

Watu wetu walifunga injini kwenye mti isiserereke, wakapanda Kisambo kulala kwao, wakiwa wamelowa na hawaniangalii. Fundi alibaki akiilinda chini ya turubai. Aliponiona nageuka kushuka, akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda kuomba radhi. Akasema, "Waambie na mimi. Sikujua. Nilidhani wanamuulizia huyu."

Yule mama aliitwa Mama Felista. Nilimkuta jikoni, moshi umejaa, anatwanga mahindi. Nilipiga magoti mlangoni nikasema maneno niliyoyapanga njiani, yakatoka ovyo.

"Ingia, unanyeshewa," akasema.

Akanipa kigoda karibu na moto. Alitwanga kidogo, akapumzika.

"Mwezi uliopita nilimzika Felista wangu," akasema. "Ilikuwa mvua kama hii. Watu hawakuweza kuja, tulikuwa wachache tu, tukafanya haraka. Sikumlilia vizuri. Leo nilipowaona, nikasema, basi, huyu nimsindikize kwa wote wawili."

Nililia mimi. Yeye hakulia. Alinipa ugali wa unga wa kutwanga na maboga, akangoja nimalize.

"Hiyo mashine yenu, inasaga kweli?"

"Inasaga."

"Itakaa Kisambo?"

"Ndiyo, mama."

"Na sisi wa Lubwe tutaruhusiwa?"

Jamani, nilivyotaka kusema ndiyo! Ningesema ndiyo ningekuwa nimelipa kila kitu. Lakini siku ile nilikuwa nimeshaonja ladha ya kuwaacha watu waamini kitu ambacho hakipo.

"Sijui," nikasema. "Si yangu. Nitakwenda kuuliza, na nitarudi na jibu, hata kama ni baya."

Kisambo, na kurudi chini

Asubuhi nilipanda Kisambo mikono mitupu. Mama mkubwa Paskalina alikuwa amevaa gauni la kanisani, sufuria tatu ziko motoni, kibanda cha mashine kimekandikwa upya kwenye kiwanja cha Mama Kristina, mwanakikundi mwenzake. Bwana Kolumba alikuwa ameshasimulia upande wake.

"Nilikutuma ulete mashine," mama mkubwa akasema, "umeniletea maneno."

Nikamweleza yote, pamoja na ile nusu ya kilima niliyonyamaza. Nikamweleza pia nililoliona asubuhi ile nikivuka: kati ya Lubwe na Kisambo kuna korongo, na magogo ya daraja yalikuwa yamehama na mvua. Mtu mmoja anapita. Watu wanane na injini hawapiti. Kisha nikamwambia swali la Mama Felista, nikanyamaza. Kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko kusema, maana nilikuwa na maoni yangu.

Kina mama waliketi barazani wakabishana hadi chakula kikapoa. Wengine walisema daraja litengenezwe kwanza. Wengine walisema watu wa Lubwe walitusaidia kwa kudanganywa, je, wakiambiwa ukweli watasaidia? Mama mkubwa alisikiliza, akasimama, akabadilisha gauni la kanisani akavaa la shamba.

"Twende nikawaulize mwenyewe."

Alishuka na wenzake watano. Yeye na Mama Felista walikaa juu ya jiwe karibu na injini, wakaongea Kiluguru kwa kasi nisiyoiweza, kwa sababu mimi ni mtoto wa mjini. Waliulizana koo zao, wakakuta bibi zao walitoka mlango mmoja. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mashine itakaa juu ya kilima, upande wa Lubwe, nusu saa kutoka Kisambo. Lubwe watatoa kiwanja, tofali na wajenzi. Wataingia kikundini.

Hatua mia mbili za mwisho tulibeba wote, Lubwe na Kisambo, Bwana Kolumba akiimbisha. Aliponipita na mti begani alinitupia jicho. "Haya, mkubwa, njoo ubebe." Nikaingia kwenye mti. Ndiyo hayo mabega mnayoyaulizia.

Si wote waliofurahi. Mama Kristina, ambaye kibanda kilikandikwa kwenye kiwanja chake, hakuitikia salamu yangu kwa majuma mawili, na sasa anafugia kuku mle ndani. Namwelewa. Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya tatu alinipa yai la kuchemsha, bado bila neno.

Juu ya kilima

Kujenga kulichukua mwezi. Fundi Rajabu aliyesema atarudi Dumila alikaa mwezi huo wote, akajifunza kula magimbi, akajifunza kutembea mteremko bila kushika majani. Alifunga magurudumu, akavuta mkanda, akasafisha kila tundu kwa manyoya ya kuku. Asubuhi ya kuwasha alishika hendeli, akazungusha, huyu akakohoa mara nne akakataa. Akasema ni baridi, huyu hajazoea. Mara ya tano akaitikia, na mlio ukapiga ng'ambo ukarudi. Watoto walikimbia. Mama Felista alisimama mlangoni amekunja mikono, akasikiliza, kisha akaenda kuleta debe lake.

Nilikuwa nimeandika orodha ya zamu, majina yote ya Kisambo na Lubwe, nani siku gani, ili wasigombane. Nilitoka nayo nje nikakuta mstari umeshajipanga kuanzia mlangoni hadi kwenye mgomba. Wamepanga kwa utaratibu wao: wenye watoto mgongoni mbele, waliotoka mbali wanafuata, wa jirani mwisho. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilisimama pale na karatasi yangu, na debe langu la mahindi kichwani.

"Vene!" mama mkubwa akaniita kutoka katikati ya mstari, akipaza sauti juu ya injini. "Unatuzibia njia. Nenda nyuma huko, baada ya Bwana Kolumba."

Nikaenda nyuma, baada ya Bwana Kolumba.